Mwenza wa Kigeni Akihamia Dodoma: Pasi ya Mfuasi, Kibali cha Kazi, Kibali cha Mwekezaji au Uraia?

Cheti cha ndoa si kibali cha kuishi nchini. Ninaanza na jambo hili kwa sababu wanandoa wengi wanaoniuliza habari za vibali, hapa Dodoma mjini na hata kutoka Kondoa na Singida, huamini kwamba mgeni akishafunga ndoa na Mtanzania, iwe mbele ya Mkuu wa Wilaya, kanisani au msikitini, amekwisha kupata haki ya kukaa, kufanya kazi na kumiliki mali kama mwenyeji. Ukweli ni kwamba ndoa humpa mgeni sababu ya kuomba, na baada ya hapo anatakiwa kuchagua anaomba nini, kwa maana sheria imeweka njia kadhaa ambazo hazifanani kwa muda, kwa ruhusa wala kwa usalama wa mwenye kuzitumia.

Mimi ni Mtanzania na mume wangu ni Mkenya, mwalimu wa hisabati. Tulipohamia Dodoma tulichukua Pasi ya Mfuasi kwa sababu ilionekana nyepesi na tulikuwa tayari na cheti cha ndoa. Miezi michache baadaye shule moja ya sekondari ilimhitaji afundishe kidato cha tatu, naye hakuweza kuingia darasani mpaka kibali cha kazi kitoke, na muhula ule ukapita yuko nyumbani. Kosa lilikuwa letu. Tulichagua kwa kutazama tulichokuwa nacho mkononi, hatukujiuliza mtu huyu kila Jumatatu asubuhi ataamka kwenda kufanya nini. Swali hilo ndilo ningependa kila familia ilitangulize.

Maswali ya kupimia

Nitazipima njia zote nne kwa maswali yale yale. Kwanza, je, inamruhusu mwenza kufanya kazi au biashara? Pili, hudumu kwa muda gani, na huhuishwa vipi? Tatu, inasimama juu ya nani, yaani nini hutokea ikiwa ndoa itavunjika, mwenye kumdhamini atafariki au ajira itakoma? Nne, inadai nyaraka na gharama za namna gani? Tano, inamfaa nani zaidi? Katika haya matano, la tatu ndilo ninaloliona likisahauliwa kuliko mengine, na ndilo lenye maumivu makubwa pale mambo yanapoharibika, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Kuna jambo la kuondoa njiani kabla ya kulinganisha. Visa si njia ya kuishi. Visa ya kawaida ya dola 50 za Marekani humpa mgeni siku zisizozidi 90 za kutembea. Raia wa Marekani hulipa dola 100 kwa visa ya kuingia mara nyingi ndani ya miezi 12, lakini hata yeye hawezi kukaa zaidi ya siku 90 kwa safari moja. Visa ya biashara ya dola 250 imewekwa kwa shughuli fupi na mahususi. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, huweza kupewa hadi miezi 6 wanapoingia kama wageni, na unafuu huo umewafanya baadhi ya wanandoa wawe wanapanda basi kupitia Babati na Arusha hadi Namanga, kugonga muhuri na kurudi, mwaka baada ya mwaka. Utaratibu huo haumpi mtu ukaazi wala ruhusa ya kazi, na siku afisa atakapouliza kwa nini mtalii huyu ana mke, watoto na nyumba ya kupanga Nzuguni, jibu litakuwa gumu. Mihuri hiyo hufaa kwa kipindi cha kujipanga tu. Kwa wachumba wanaotaka kufunga ndoa hapa, wakumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla, hivyo siku 90 za visa zihesabiwe kwa uangalifu.

Pasi ya Mfuasi

Hii ndiyo watu wengi huiita pasi ya mtegemezi. Hutolewa na Idara ya Uhamiaji kwa mwenza au mtoto wa raia wa Tanzania, na vilevile kwa mwenza au mtoto wa mgeni mwenye kibali cha ukaazi.

Kuhusu kazi, jibu ni hapana. Mwenye pasi hii anaruhusiwa kuishi na mwenza wake, kulea watoto, kwenda sokoni Majengo, kusali na kuhudhuria misiba na harusi za ukoo, lakini haimpi ruhusa ya kuajiriwa wala kufanya biashara. Hapa wengi hujidanganya kwa neno "kusaidia". Mke wa kigeni anayekaa dukani kwa mumewe akipokea fedha na kuwahudumia wateja, au mume wa kigeni anayefundisha masomo ya jioni kwa malipo madogo, anafanya kazi machoni pa sheria, hata kama ndani ya nyumba jambo hilo linaitwa msaada. Ikiwa atataka kuajiriwa baadaye, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka apate kibali cha kazi kama mgeni mwingine yeyote, na ndoa yake haimwondolei takwa hilo.

Pasi hutolewa kwa muda maalumu na huhuishwa. Nyaraka zake ni chache ukilinganisha na njia nyingine: barua ya maombi ya Mtanzania anayemdhamini, cheti cha ndoa, nakala ya kitambulisho cha taifa cha mdhamini, pasipoti ya mwombaji iliyo hai, picha, na mara nyingi barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Vyeti vilivyoandikwa kwa lugha nyingine vinahitaji tafsiri ya Kiswahili au Kiingereza. Ada hutozwa kwa dola na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu, na tofauti kubwa ya gharama kati ya pasi hii na vibali vya kazi na uwekezaji ndiyo huwavuta wengi.

Sasa lile swali la tatu. Pasi ya Mfuasi, kama jina lake linavyosema, inamfuata mtu. Ikiwa ndoa itavunjwa na mahakama, au mdhamini atafariki, sababu iliyoifanya itolewe inakuwa imeondoka, na mgeni atalazimika kutafuta msingi mwingine wa kukaa. Ndiyo kusema kwamba mjane wa kigeni, akiwa bado yuko kwenye eda au matanga, huweza kujikuta anatakiwa kufikiria kibali. Vilevile, mwenza anayeonewa ndani ya ndoa huweza kuogopa kusema kwa sababu barua ya kuhuisha pasi inatoka kwa yule yule anayemwonea. Sisemi haya ili kuikataa pasi. Ninayasema ili wanandoa wanaopendana wayazungumze mapema, wakiwa na utulivu, badala ya kuyaacha yazungumzwe na ndugu siku ya mazishi.

Pasi hii inamfaa mwenza ambaye kwa miaka michache ijayo hatarajii kipato cha ndani ya nchi: mama au baba anayelea watoto wadogo, mwenza anayeishi kwa pensheni ya nchi yake, au mtu aliyefika karibuni ambaye bado anatafuta ajira na kukusanya vyeti.

Kibali cha kazi pamoja na Kibali cha Ukaazi Daraja B

Hapa vibali ni viwili, si kimoja, na vinatoka kwa mamlaka mbili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi. Kibali cha Ukaazi Daraja B hutolewa na Uhamiaji. Mwajiri ndiye mwombaji, kwa hiyo mgeni asiye na mwajiri hana pa kuanzia.

Herufi zake huwachanganya hata watumishi wa ofisi za ajira. Vibali vya kazi vina madaraja A hadi E: A ni ya mwekezaji na anayejiajiri, B ni ya taaluma zilizoainishwa kama udaktari na ualimu wa sayansi na hisabati, C ni ya taaluma nyingine, D ni ya wanaofanya kazi za taasisi za dini na hisani, na E ni ya wakimbizi. Vibali vya ukaazi vina madaraja yake mengine: A kwa wawekezaji na wanaojiajiri, B kwa waajiriwa, na C kwa wanafunzi, watafiti, watu wa kazi za kidini, wastaafu na wengine wa namna hiyo. Matokeo yake, mhasibu wa kigeni atakuwa na kibali cha kazi Daraja C na kibali cha ukaazi Daraja B kwa wakati mmoja, na vyote viwili ni sahihi. Ukiambiwa "Daraja B", uliza kwanza ni ya kibali kipi.

Ruhusa inayopatikana ni ya kazi kweli, lakini ni kazi moja, kwa mwajiri mmoja, katika nafasi iliyotajwa. Anayehama shule au hospitali huanza maombi upya. Kibali cha kazi hutolewa kwa miezi 24 na huweza kuhuishwa, ila sheria imeweka ukomo wa jumla wa miaka kwa mgeni aliyeajiriwa, na hapa ndipo penye tofauti kati ya mtaalamu aliyekuja kwa mkataba na mume au mke wa Mtanzania. Mtaalamu akifika ukomo hurudi kwao. Mwenza wa Mtanzania kwao ni hapa, kwa hiyo asiihesabu njia hii kama makazi ya kudumu.

Sheria ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba amemtafuta Mtanzania mwenye sifa akamkosa, na awe na mpango wa kumrithisha ujuzi Mtanzania atakayeshika nafasi hiyo baadaye. Ni takwa la haki, kwa kuwa vijana wetu wanaohitimu Chuo Kikuu cha Dodoma nao wanatafuta ajira, lakini maana yake kwa familia ni kwamba maombi yanategemea sana umakini wa mwajiri katika kuandaa maelezo. Mwajiri anayesema "anza tu, kibali kitafuata" hana nafasi katika sheria, na atakayekamatwa kwanza ni mgeni.

Nyaraka ni nyingi: mkataba wa ajira, wasifu, vyeti vya taaluma, usajili wa bodi ya taaluma kwa kazi zinazohitaji, tangazo la nafasi, na nyaraka za usajili wa mwajiri. Vyeti vilivyopatikana nje huhitaji kutambuliwa na mamlaka husika za elimu hapa nchini, jambo ambalo huchukua muda wake. Mume wangu alikwama hapa kuliko mahali pengine popote. Gharama ni kubwa pia, kwa sababu ada ni za vibali viwili, na ni busara kuandika ndani ya mkataba wa ajira nani atalipa, maana nimeona waajiri wanaolipa zote na wengine wanaomkata mwajiriwa kidogo kidogo.

Kuhusu usalama, kibali hiki kinasimama juu ya ajira badala ya ndoa. Mwenza akifiwa au akiachika anaendelea kuwa na kibali chake mpaka muda wake uishe, na hilo ni jambo kubwa. Akifukuzwa kazi, kibali hupoteza msingi, lakini aliye bado kwenye ndoa huweza kuomba Pasi ya Mfuasi. Kwa hiyo wenza wa Watanzania wana nafuu ambayo mgeni mwingine hana: wana sehemu ya kurudi. Katika kipindi cha kuhama kutoka karatasi moja kwenda nyingine, Uhamiaji huweza kutoa Pasi Maalumu ya muda mfupi ili mtu asikae bila hati.

Njia hii inamfaa mwenye taaluma inayohitajika na mwajiri aliye tayari.

Kibali cha Ukaazi Daraja A

Huyu ni mwenza mwenye mtaji, anayetaka kuanzisha shughuli yake mwenyewe. Kazi anaruhusiwa, lakini ndani ya shughuli iliyosajiliwa, na anahitaji pia kibali cha kazi cha mwekezaji, ambacho ukomo wake wa jumla ni mrefu kuliko wa mwajiriwa. Kibali kinasimama juu ya kampuni yake. Ndoa ikiyumba, kibali hakiyumbi. Biashara ikifa, kibali nacho kinakufa.

Wanaotaka kutambuliwa kama wawekezaji na kupata vivutio watazame sheria ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022; ile ya mwaka 2022 iliweka kiwango cha chini cha mtaji kuwa dola 50,000 kwa mradi unaomilikiwa na Watanzania na dola 500,000 kwa mradi wa wageni au wa ubia. Tofauti hiyo inafaa kuzungumzwa mezani kabla ya kwenda kwa mwanasheria, kwa kuwa mgawanyo wa hisa kati ya mume na mke huamua mradi uhesabiwe upande gani. Tangu mwaka 2025, kazi zilizokuwa za Kituo cha Uwekezaji zimeunganishwa na za mamlaka ya maeneo maalumu ya kiuchumi katika taasisi moja.

Jambo lililobadilisha hesabu za familia nyingi ni amri ya Julai 2025 inayozuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Miongoni mwake ni biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa ya kisasa na wauzaji maalumu wa jumla wa bidhaa za wazalishaji wa ndani. Uwakala wa fedha kwa simu. Ufundi wa simu. Saluni, isipokuwa iliyo hotelini au kwa ajili ya utalii. Usafi wa nyumba na ofisi. Uchimbaji mdogo wa madini. Udalali wa nyumba. Uongozaji wa watalii. Na ununuzi wa mazao shambani. Soma orodha hiyo tena ukiwa unafikiria Dodoma. Saluni ya kule Area C, duka la vifaa vya ujenzi Ihumwa, kununua zabibu kwa wakulima wa Hombolo au alizeti huko Kongwa: biashara nyingi ambazo mwenza wa kigeni angezifikiria kwanza zimo humo. Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi 6 na kufutiwa visa au kibali, na raia anayemsaidia kukwepa naye ana adhabu yake. Kumwandikisha mke leseni ili mume wa kigeni aendeshe duka nyuma ya pazia kunawaweka wote wawili hatarini, na ninaomba asiwepo ndugu wa kuwashauri hivyo.

Inamfaa mwenza mwenye mtaji wa kweli na wazo lililo nje ya orodha ile, mathalani kiwanda cha kati cha kusindika zabibu, shule au huduma za hoteli. Asiye na mtaji huo hupoteza fedha kwa watu wa kati na kuishia pale pale.

Uraia wa tajnisi

Tajnisi ni mgeni kuomba na kupewa uraia, na njia hii ndiyo inayotoa kila kitu na ndiyo inayodai kila kitu. Raia hahitaji kibali cha kazi, hahuishi pasi, anamiliki ardhi, na uraia wake hausimami juu ya ndoa tena. Huweza kufutwa kwa sababu zilizotajwa na sheria, kama vile kuupata kwa udanganyifu, lakini hauishi muda.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haiwatendei wake na waume sawasawa. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba tajnisi wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Yeye huomba kama mgeni mwingine yeyote, kwa masharti ya kuwa ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya maombi, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua 7, awe na ufahamu wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza, tabia njema, na nia ya kuendelea kuishi nchini. Ninaiona tofauti hii kuwa ni dhuluma kwa binti wa Kitanzania, kana kwamba yeye akiolewa hana nyumba ya kumkaribisha mtu, na ningependa kuiona ikirekebishwa. Hadi hapo itakaporekebishwa, familia ipange kwa sheria iliyopo.

Kwa mke wa kigeni, maneno "mumewe akiwa hai" yana uzito. Haki hiyo maalumu haimngojei ujane. Aliyeishi Dodoma miaka 15 kwa pasi bila kuomba, mume akifariki, atarudi kwenye masharti ya kawaida.

Kinachodaiwa ni kuukana uraia wa kwanza, kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Haisaidii kwamba nchi ya mwenza inauruhusu, kama Kenya inavyofanya tangu Katiba yake ya mwaka 2010, au Ujerumani tangu Juni 2024. Kizuizi kiko upande wetu. Mke Mjerumani akiwa Mtanzania ataomba visa kwenda kumwona mama yake. Kabla ya kutia sahihi aulize nchini kwake kuhusu pensheni, urithi, na kama uraia uliokanwa huweza kurejeshwa. Maombi yenyewe hupitia ngazi za wilaya na mkoa, mahojiano na uchunguzi, mpaka kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, ambaye ndiye mwenye uamuzi, na kutimiza masharti si hakikisho la kukubaliwa. Huchukua muda mrefu, na wakati wote huo mwombaji anatakiwa awe na kibali kingine kilicho hai.

Inamfaa yule ambaye moyo wake umekwisha kutua hapa. Anayesitasita asiharakishwe, hata na mwenza wake.

Ardhi na watoto

Mambo haya mawili huulizwa kwa kila kibali, na jibu halibadiliki kati ya njia tatu za kwanza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia utaratibu wake maalumu. Kwa hiyo kiwanja cha Iyumbu au shamba la zabibu la Mpunguzi huandikwa kwa jina la Mtanzania hata kama fedha zilitoka kwa mwenza. Mwenza huyo hakubaki mtupu kabisa: Sheria ya Ndoa inazuia nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza mwingine, na mahakama inapovunja ndoa hutazama mchango wa kila mmoja katika mali. Risiti za benki na za vifaa vya ujenzi zitunzwe.

Mtoto aliyezaliwa Tanzania na mzazi mmoja Mtanzania ni raia wa kuzaliwa, na aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania huwa raia wa kurithi. Hahitaji pasi. Akiwa na uraia wa nchi ya pili pia, akifikisha miaka 18 atatakiwa kuchagua.

Nani achukue njia gani

Mke wa kigeni asiye na mpango wa kuajiriwa karibuni aanze na Pasi ya Mfuasi, na mazungumzo ya tajnisi yaanze ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili, hata kama uamuzi utakuwa ni kutoomba. Akiwa muuguzi au mwalimu wa fizikia mwenye ahadi ya ajira, mwajiri aombe vibali viwili tangu mwanzo, wala familia isilipie pasi itakayoachwa baada ya miezi mitatu.

Mwenza aliyestaafu, anayeishi kwa pensheni ya nje, mara nyingi hana sababu ya kuukana uraia wake. Pasi inamtosha, ila ahakikishe kwamba wosia wa mwenza wake na makubaliano kuhusu nyumba vimeandikwa, kwa sababu umri wao wote wawili unalidai jambo hilo.

Wenye mtaji wa kati, usiofika viwango vya uwekezaji, wafikirie biashara ya Mtanzania kwa maana kamili: mke au mume Mtanzania aimiliki na aiendeshe mwenyewe, na mwenza abaki na pasi bila kugusa kazi, au aajiriwe mahali pengine kwa vibali vyake. Wanaoishi nusu mwaka hapa na nusu nchi nyingine waangalie kama ada za mwaka mzima zinalipa, kwa kuwa kwa baadhi yao, hasa raia wa Afrika Mashariki wanaokuja kwa likizo za familia, ruhusa ya matembezi inatosha kwa uhalali kabisa.

Sisi wa Dodoma tuna nafuu moja ambayo wenzetu wa Kigoma au Mtwara hawana: makao makuu ya Uhamiaji yako mjini kwetu, na wizara zinazohusika ziko Mji wa Serikali Mtumba. Maombi huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki, lakini likitokea la kufafanuliwa unaweza kwenda mwenyewe asubuhi na kurudi, bila kumlipa mtu wa kati.

Mume wa kigeni anayetaka kufa Mtanzania, kama mume wangu anavyosema, aanze kuhesabu leo. Kila mwaka alioishi nchini kihalali, kwa pasi au kwa kibali cha kazi, unaingia katika ile miaka 7, na kila pengo lisilo na hati litakuwa jambo la kuelezwa siku ya mahojiano. Vibali vyote vilivyokwisha muda, risiti za ada na pasipoti za zamani zenye mihuri viwekwe katika bahasha moja, na bahasha hiyo isichomwe moto wala kutupwa nyumba inapohamwa.